Maziwa Juu ya Kioo

Rebecca alifika Kitengela na shuka mbili na kibuyu kimoja, baada ya ukame kumaliza ng'ombe wake wote kule Oltepesi. Yule wa mwisho alikuwa akimwinua kwa mkia kila asubuhi, mpaka siku moja ng'ombe akakataa kuinuka. Mumewe alikuwa amekufa zamani. Akaziba mlango wa boma kwa miiba, ingawa hakukuwa na kitu cha kufungia ndani, akaenda kwa binti yake wa pekee, Caroline.

Shida ni kwamba nyumba ilikuwa ya mkwe pia. Odero, mume wa Caroline, alikuwa dereva wa gari la wafanyakazi wa kiwanda. Kwa Wamaasai, mama hakai chumba kimoja na mkwe wake, hamtazami usoni, haongei naye ana kwa ana. Kwa Wajaluo, kina Odero, ndiyo mbaya zaidi: mama mkwe hawezi kabisa kulala kwa binti yake. Kwa hivyo Rebecca akapewa chumba kidogo cha nje, nyuma ya jikoni. Odero akiingia, yeye anatoka. Akiwa na neno, analipitisha kwa Caroline.

Obonyo, ndugu wa Odero, alikuwa akipiga simu kutoka Gataka, na sauti yake inafika mpaka uani.

"Omera, mathe ya bibi yako bado iko? Ama ulioa wawili?"

Odero anacheka kidogo ili yaishe.

"Mama, mimi sikufukuzi," alimwambia siku moja. "Lakini usiwape sababu. Hii nyumba tumepanga, na hiyo jiko ni ya landlord. Ikiharibika tena watasema ni wewe, na mimi sitakuwa na mdomo."

Jiko lenyewe lilikuwa la gesi, lenye kioo cheusi juu. Wiki ya kwanza Rebecca alilisugua kwa majivu, vile alivyosugua sufuria maisha yake yote, na mikwaruzo ilikuwa bado pale, myeupe kama kovu la fimbo. Ndipo Caroline akamfundisha. Zima. Ngoja kioo kipoe kabisa. Inua vyuma vya kuwekea sufuria, panguza na kitambaa laini cha maji ya uvuguvugu na sabuni. Uchafu ulioganda uwekee magadi kidogo, ulainike wenyewe. Vitundu vya moto vizibue na pini.

"Na maji baridi usiguze nayo kama iko moto. Italipuka. Ya jirani ililipuka hivyo."

Rebecca alishika. Kila siku alipanguza kile kioo mpaka akajiona ndani yake, mwanamke mzee anayeogopa jiko.

Siku hiyo Caroline alikuwa kazini Kajiado, na Rebecca alikuwa akichemsha maziwa. Lango likalia. Gari la Odero lilikuwa limeharibika njiani, amerudi mapema, na akaja moja kwa moja jikoni kutafuta maji ya kunywa. Rebecca akafanya vile alivyofundishwa tangu utoto. Akavuta shuka kichwani, akatoka kwa mlango wa nyuma, akasimama uani. Maziwa akayaacha motoni.

Akayasikia yakipanda. Akayasikia yakimwagika juu ya kioo, na harufu ya kuungua ikamfikia. Odero akaruka, akazima gesi.

"Ai, pole Mama," akasema, uso ameugeuzia ukutani kwa heshima. "Usijali. Nitapanguza kabla Caro arudi. Hatajua kitu."

Kwa upenyo wa mlango Rebecca alimwona akichukua kitambaa, akakiweka chini ya mfereji, hakukikamua. Maneno yakamjaa mdomoni. Nyumbani hakukuwa na mtu wa kutumwa. Akakohoa. Akagonga ndoo kwa mkono, mara nyingi.

"Nimesikia, Mama," Odero akajibu kwa upole, akidhani anashukuriwa. "Wewe pumzika tu."

Kioo kikalia kama bunduki.

Jicho la kushoto la Odero halikuokoka. La kulia lilikuwa na mikwaruzo, likafungwa bandeji, na daktari hakutaka kuahidi. Gari likapewa dereva mwingine.

Caroline aliporudi kutoka hospitali alimkuta mama yake uani.

"Ulikuwa wapi?"

"Hapa mlangoni."

"Ulimwona akilowesha kitambaa?"

"Nilimwona."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Si ungeongea, Mama! Hata kupiga nduru!"

"Ni mkwe wangu," Rebecca akasema, na hata yeye akasikia vile neno hilo lilivyokuwa dogo.

Siku Odero aliporudishwa nyumbani, Obonyo alikuja naye. Akakuta Rebecca ameshafunga shuka zake.

"Wacha aende. Si tulisema hii kitu?"

"Aende wapi?" Caroline akamgeukia. "Kesho mimi niko kazini, na sasa ni mshahara yangu peke yake. Ni wewe utakuja kumlisha ndugu yako? Utamshika mkono mpaka choo?"

Obonyo akaanza kutafuta simu mfukoni.

"Basi atabaki," Caroline akasema. Hakumwangalia mama yake alipolisema.

Asubuhi wakabaki wawili. Rebecca akapika chai kwa makaa uani, akavuka mlango, akaingia mpaka chumba cha kulala cha mkwe wake.

"Ni nani?" Odero akauliza.

Hakukuwa na wa kumjibia.

"Ni mimi. Nyoosha mkono."

Akaunyoosha upande ambao hakukuwa na kitu. Rebecca akaushika, akauleta kwenye kikombe, akakishikilia naye mpaka vidole vyake vikakipata.