Mbegu Nilizozitangaza Kuwa Zimekufa

Mkasa huu ni aibu tupu, lakini kwa kuwa wenzangu wa shamba la ngano wanausimulia kwa kuongeza chumvi, bora nijiaibishe mwenyewe.

Nilikuwa mpimaji wa maabara ya mbegu kwenye shamba la serikali kule Hanang, nimetoka chuo cha Tanga juzijuzi, suruali imenyooka kwa pasi. Kabati letu la kuoteshea mbegu lilikuwa na kifaa cha kudhibiti joto, na kihisi chake kilitakiwa kusahihishwa kwa barafu na kwa maji yanayochemka. Barafu haikuwepo, friji ya mafuta ya taa ilikuwa imezimika (na kuwasha utambi wake ni kujichafua mikono, mimi msomi!), nikasema ah, maji yanatosha, nikachemsha sufuria, nikatumbukiza kihisi, mshale ukagoma kwenye tisini na nne, nikakaza skrubu mpaka ukasoma mia, nikaenda zangu kunywa chai.

Siku ya kuhesabu sampuli ya ghalani niliyoipanda kabatini ilipofika, mbegu chache mno ndizo zilikuwa zimeota. Nikaamua zimekufa, na aliyeziua ni mzee Boay, mtunza ghala, mtu wa Bashay aliyekaribia kustaafu. Nikasimama kwenye mkutano wa wafanyakazi bwaloni, sinia la mbegu hizo mkononi, nikatangaza kwamba uzembe wake umeua mbegu ya msimu mzima. Meneja akamwambia ajiandae kukabidhi funguo. Mzee alivua kofia.

"Kifaa chako una uhakika nacho?" meneja akaniuliza.

"Kabisa. Nimekisahihisha kwa maji yanayochemka, nyuzi mia kamili."

"Mia? Kijana, huku juu maji yanachemka kabla ya mia. Hiyo mia iache hukohuko Tanga."

"Kumbe ndiyo maana maharage ya bwaloni ni mawe!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, watu wakacheka. Kabati lilijidhania lina joto, kumbe mbegu zinapigwa baridi ya Hanang humo ndani.

Tulipopima upya zikaota karibu zote, na funguo zikabaki kwa mwenyewe. Nikamfuata ghalani kuomba radhi.

"Shikamoo, mzee."

Huku hata anayekuchukia huitikia shikamoo. Yeye aliendelea kushona gunia. Nikarudia, nikasimama pale nimeshikwa na aibu mpaka gunia likaisha.

"Marahaba," akasema hatimaye. "Imechelewa, lakini haijafa."

Tangu hapo, barafu siikosi, na jina la mtu silitaji mkutanoni.