Fundi Baiskeli wa Chiungutwa na Uzito Usioonekana

Saa kumi na mbili na nusu jioni, giza linaingia Chiungutwa, wilayani Masasi. Kwenye kibaraza cha fundi baiskeli, nati iliyopakwa rangi nyeupe inazunguka hewani. Hakuna kinachoonekana kuishika.

“Isingeshikwa, ingeruka ikamvunja Cecil jino,” anasema Erasto Chilumba (58), akiongeza kasi.

“Lenyewe limebaki moja,” anajibu Cecil, mteja wake. Wachache kati ya waliokusanyika wanacheka.

Nati imefungwa kwenye ukanda wa tyubu nyeusi, ambao giza limeumeza.

Erasto aliishia darasa la saba. Kuchora grafu alijifunza ukubwani, kwenye masomo ya jioni. Mwaka jana mwalimu wa fizikia, Faidha, alimletea orodha ya kasi za nyota katika galaksi moja, yaani kundi la mabilioni ya nyota linalozunguka. Alizichora kwenye boksi la spea, nukta kumi na nne.

“Mwanga umejaa katikati, kwa hiyo nyota za pembeni zilitakiwa ziende polepole,” anasema. “Mstari ulitakiwa kushuka. Haukushuka. Nikachora upya mara tatu. Za pembeni zinakimbia kwa kasi ileile, na haziruki nje. Kuna uzito mkubwa pale unaozishika, ila hauonekani.”

Wanasayansi huuita maada ya giza. Ni nini hasa, bado hawajajua.

Kosa la Erasto lilikuwa kuwaambia wateja, mwezi Machi, kwamba kitu hicho “kinafanya kazi bila kuonekana.” Huku, kitu cha namna hiyo kina jina tayari: ndondocha, marehemu anayedaiwa kuchukuliwa na wachawi akalime shamba la mtu.

Tangu hapo, baiskeli kumi na mbili kwa siku zimekuwa tatu. Mwenye nyumba, Mzee Hamidu, amempa hadi Ijumaa: atamke mbele ya watu kwamba kitu hicho hakipo, au ahame.

“Nilimpa shikamoo, hakuitikia,” anasema Erasto. “Niko hapa miaka kumi na tisa. Lakini nikisema hakipo, nitakuwa nimedanganya. Nukta nimezichora mwenyewe.”

Watu wanapotawanyika, Mama Pili anabaki na baiskeli ya mumewe, aliyezikwa mwaka jana.

“Baba Josephina, hii naifungia ndani,” anamwambia Erasto. “Asubuhi naikuta matairi yana udongo mbichi. Mimi natembea kwa miguu. Nani anaiendesha?”

Erasto anainama, anabandua udongo kwa kidole. Umelowa.

“Sijui, Mama Pili.”

“Na hicho cha nyota?”

“Nacho sijui. Najua kinavuta kiasi gani tu. Ndivyo nitakavyosema Ijumaa. Wakinifukuza, nitafungasha vifaa niende Chiwata, nikachore galaksi ya pili.”

Mama Pili anageuza baiskeli.

“Nitakaa mbele,” anasema. “Waganga watatu wameniambia wanajua, na kila mmoja alitaka kuku. Ijumaa nataka nimsikie mtu asiyejua.”