Eda ya Bi Esha na Mnara wa Kupima Upepo

Bi Esha Likwata alichoka kabla hajafiwa. Muulize yeyote pale Nambeta, kijiji kilichojibanza nyuma ya Kiswere, atakwambia mwanamke yule kachoka zamani, tangu siku za mkaa. Miaka ishirini na miwili alikata miti, akapanga magogo, akayafukia kwa majani na udongo, kisha akakaa na tanuru lake kama mtu anayeuguza, akiziba kila tundu lililotaka kutoa moto. Moshi ukamwingia, kifua kikaanza kupiga filimbi. Akicheka, filimbi. Akipanda mlima, filimbi. Watoto walijua anakuja kabla hawajamwona.

Kisha mnara ukasimamishwa kilimani.

Ni mwembamba, mrefu kupita minazi minne ikibebana, na umeshikiliwa na nyaya pande zote kama hema. Juu kabisa vipo vikombe vitatu vinavyozungushwa na upepo, na taa nyekundu inayojiwasha jua likizama. Chini pana kisanduku cha chuma na kioo cha sola. Ukisimama pale ukatazama juu, utaapa mnara unakuangukia. Kumbe ni mawingu yanakwenda zake.

Na hautoi umeme! Hilo ndilo lililowashinda wengi. Mnara mkubwa hivyo, kazi yake kuhesabu upepo tu. Mhandisi Optatus, kijana wa Kimatumbi kutoka Kipatimu, alieleza kwenye mkutano wa kijiji kwamba upepo hupimwa mwaka mzima kwanza, ndipo iamuliwe kama mapangaboi makubwa ya kuzalisha umeme yajengwe Nambeta au kwenye kilima kingine huko kusini.

"Bomba la gesi nalo lilikuja na maneno matamu," akasema Ramadhani, shemeji yake Bi Esha, mvuvi asiyejua kufunga mdomo. "Likapita kweli. Halikusimama hata kutusalimia."

Watu wakaangua kicheko. Optatus naye akacheka, lakini hakukimbia swali. Akasema yeye hatoi ahadi, anasema kinachowezekana. Leo jokofu la chanjo pale zahanati linategemea jenereta. Dizeli ikiisha, chanjo zinaharibika. Mashine ya kusaga hali kadhalika. Umeme wa upepo ukifika, dizeli ile haichomwi tena. Na kwa nchi nzima, kila uniti inayotoka kwenye upepo ni uniti ambayo hakikuunguzwa kitu kuipata, kwa hiyo hewa ya kaboni inayokwenda angani inapungua. Fungu la kijiji katika mapato nalo litaandikwa kwenye mkataba, na mkataba utasomwa hadharani, neno kwa neno.

Bi Esha alinyoosha mkono. "Mwanangu, hiyo kaboni ikishapanda juu, haipotei?"

"Inakaa, mama. Miaka na miaka. Inaifunika dunia kama blanketi, joto likashindwa kutoka."

"Hata ile ya tanuru langu?"

"Hata ile, mama. Lakini yako ni ndogo, na si yako peke yako."

Bi Esha akakaa. Alidhani mkaa aliokwisha kuuza ulikwisha. Kumbe miaka yote ile bado iko juu ya kichwa chake.

Pengine ni swali hilo lililomfanya Optatus amchague kuwa mlinzi wa mnara, kwa mshahara wa kila mwezi. Kila siku alipanda kilima na panga lake, akakagua nyaya, akafuta kioo cha sola kwa kitambaa chenye maji, maana chumvi ya bahari haina adabu, hukaa juu ya kila kitu. Kisha akaandika kwenye daftari. Kila mwezi alibadilisha kadi inayotunza hesabu za upepo ndani ya kisanduku. Sharti lilikuwa moja. Siku zisizo na hesabu zisizidi kumi kwa mwaka. Zikizidi, kilima cha Nambeta kimeshindwa, na mnara unang'olewa. Bi Esha alilielewa sharti hilo kwa namna yake: mnara ukiondoka, yeye anarudi kwenye tanuru. Na kwa kifua kile, tanuru lingemzika.

Miezi tisa haikupotea hata siku moja. Mwezi wa kumi, mumewe, Mzee Sadick, akaaga dunia.

Basi Bi Esha akaingia eda. Miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, bila wanja wala manukato, bila kutoka nje. Wifi yake mkubwa, Bi Tawakali, dada wa marehemu, akahamia pale kumsimamia, na mambo ya msiba Bi Tawakali hakuyafanyia mzaha. Siku ya kwanza tu alivifunika vioo vyote vya nyumba, kuanzia kile cha kabati hadi kile kidogo cha marehemu cha kunyolea ndevu, kwa sababu mwenye eda hajitazami. Ulinzi wa mnara akakabidhiwa Ramadhani.

Bi Esha alilala chumbani kama gogo. Watu waliingia, wakasoma, wakalia, wakala, wakaondoka. Siku ya kumi na mbili wageni walipopungua, aliruhusiwa kukaa uani apate hewa. Jua likazama. Akainua macho kutazama taa ya mnara juu ya ua wa makuti.

Taa haikuwaka.

Asubuhi Ramadhani alipokuja kuamkia, alisimama nje ya ua kama ilivyo adabu, naye Bi Esha akamuuliza kutoka ndani:

"Shemeji, kule juu kwema?"

"Kwema sana. Mnara umesimama, hauna hata homa."

"Kile kioo cha chini unakifuta?"

"Nikifute cha nini? Kimefunikwa vizuri, vumbi halioni mlango."

Filimbi ya kifua ikakatika kidogo. "Kimefunikwa na nani?"

Bi Tawakali alikuwa anamenya muhogo pale pale. Hakuinua uso. "Na mimi. Siku ya tatu ya msiba. Nilipanda kwa magoti yangu haya mabovu, nikakitandika kanga na kuifunga kwa kamba. Kioo ni kioo, wifi. Kazi ni yako, na wewe una eda. Nikiache wazi kaka yangu anilaumu?"

Bi Esha akafumba macho, akahesabu kwa vidole. Betri bila jua huvumilia siku mbili, Optatus alimwambia. Kioo kilifunikwa siku ya tatu, basi kisanduku kilizimika siku ya tano. Leo ya kumi na tatu. Siku nane zimekwenda, na ya tisa ndiyo hii inapanda.

"Wifi," akasema polepole, "kile si kioo cha kujitazama. Kile kinakula jua. Umekinyima chakula."

Kisu cha Bi Tawakali kikasimama.

Wakapiga simu ya Optatus, haikupatikana. Alikuwa kwao Kipatimu, na mtandao wa milima ile ni wa kubahatisha. Bi Esha akamwomba Ramadhani apande, aondoe kanga, afungue kisanduku na kukiamsha kwa kubonyeza namba atakazomtajia, kwa kuwa kikishazima hakijiamshi.

"Shemeji, niagize hata papa nikakuletee," akajibu Ramadhani. "Lakini kanga ya msiba wa kaka yangu siigusi. Na kile kisanduku siku ya kwanza nilikiegemea, kikanipigia kelele, 'pii!' Nilikuja kujikuta bondeni."

Hakuna aliyecheka sana.

Ikabaki njia moja, na njia hiyo ilikuwa eda yenyewe. Bi Tawakali akavaa buibui, akaenda kwa Maalim Musa kuuliza kama mwenye eda anaweza kupanda kilima. Alikwenda akitumaini ataambiwa hapana. Akarudi na jibu asilolitaka, na akalitoa kama lilivyo, hilo asifiwe nalo.

"Kasema mwenye eda hutoka mchana akiwa na haja ya kweli, na arudi kabla jua halijazama." Akavuta pumzi. "Ila hutakwenda peke yako. Sitaki watu waseme mjane wa Sadick anazurura."

Wakapanda wawili, mmoja na magoti, mwingine na kifua. Njia ambayo Bi Esha aliimaliza kwa nusu saa, siku ile iliwalia saa mbili nzima. Siku kumi na mbili za kulala zilikuwa zimeinyonya miguu yake. Walipumzika kila penye jiwe. Walipokutana na mtu, Bi Tawakali alitangulia kusema, "Maalim karuhusu," kabla mtu hajauliza, hata kabla hajasalimia.

Walipofika juu Bi Tawakali akaifungua kanga mwenyewe, akaikunja, akaitia kwapani. Kioo kikabaki wazi, cheusi, kinang'aa kama maji ya kisimani. Bi Esha akageuza uso haraka. Akatazama upande wa bahari, akaanza kukifuta kwa kupapasa.

"Kushoto kuna chumvi," Bi Tawakali akamwelekeza. "Juu kidogo. Hapo. Hapana, hicho ni kinyesi cha kunguru, kisugue." Kisha akakiinamia kioo. "Wifi, nimezeeka namna hii?"

"Mimi nina eda. Usiniulize habari za kioo."

Bi Tawakali akacheka, kicheko kikageuka kilio, akakaa kwenye zege la mnara na kumlilia kaka yake kama ambavyo hakumlilia siku ya mazishi. Bi Esha akamwacha alie. Akafungua kisanduku, akasubiri jua liipe betri uhai, akabonyeza namba alizozijua kwa moyo. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili kimya. Mara ya tatu kikalia, pii, na Bi Tawakali akaruka akimtaja Mwenyezi Mungu.

Wiki moja baadaye Optatus alifika na pikipiki. Akapewa kadi kupitia dirishani, akakaa barazani na kompyuta yake. Pazia la mlango lilikuwa limeshushwa, Bi Esha ndani, na Bi Tawakali katikati akipokea maneno huku na kuyapeleka kule, ingawa wote walikuwa wanasikilizana.

"Mwambie mama zimepotea siku nane na saa kadhaa. Hazijafika kumi."

"Anasema hazijafika kumi."

"Nimesikia."

"Lakini mwambie imebaki siku moja na ushei, na mwaka una miezi miwili mbele. Mvua, kunguru, chumvi, lolote likizima kisanduku, kilima kimekwenda. Kinataka mtu kila siku. Kama mama hawezi, nitafute mwingine, nitamwelewa."

Bi Tawakali akalitazama pazia. Hakurudia maneno yale. Nyuma ya pazia palikuwa na filimbi tu, ikipanda na kushuka.

"Mwambie hakuna haja ya mwingine," Bi Esha akasema mwishowe. "Tutakwenda asubuhi, tutarudi adhuhuri. Wifi anashika kitambaa, mimi nashika namba."

"Nani kakwambia nitakwenda?" Bi Tawakali akafoka.

"Basi usiende."

"Na uzurure peke yako?"

Optatus akafunga kompyuta yake, akaaga kwa heshima zote. Bi Tawakali akamsindikiza hadi njiani akimuuliza hili na lile: kama kioo kinasuguliwa kwa sabuni, kama kile kisanduku kinauma. Aliporudi na jibu kwamba sabuni haitakiwi, Bi Esha alikuwa amejilaza mkekani, mkono chini ya shavu, amelala fofofo saa nne ya asubuhi.