Mtoto Asiyechafua Nguo

Wayahudi niliowajua mimi walikuwa wa kwenye Biblia, na kila Ijumaa Kuu, kule kwetu Ushirombo, tulikuwa na ugomvi nao. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba daktari mpya wa hospitali yetu ndogo pale Geita ni Myahudi, tena mwanamke, nilitazamia kitu cha ajabu. Akashuka garini mama mfupi mwenye mvi na viatu vya kiume, akaniuliza maji ya kunawa yako wapi. Miaka ya sitini ilikuwa inaelekea ukingoni, nami nilikuwa nesi wa wodi ya wazazi, kijana mwenye mdomo.

Alikuwa na mazoea yaliyotuchekesha kwa miezi. Kila akitoka chooni alinawa, akasimama palepale kwenye ndoo, akafumba macho na kutembeza midomo. Tulisema daktari anakiaga choo. Siku moja nikamuuliza, kwa ufedhuli, wana kesi gani yeye na choo. Hakukasirika. Alisema anamshukuru Mungu. Dini yake inamtaka ashukuru kwa kila kitu, kwa mkate, kwa kuamka, kwa radi, na kwa haja pia. Mwili una matundu, alisema, na likiziba moja ambalo halikupaswa kuziba, mtu hawezi kusimama mbele ya Mungu hata saa moja. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mimi nilijua kushukuru kanisani, kwa kuimba, tena mavuno yakiwa mazuri.

Mwaka uliofuata nilijifungua mtoto wa kiume. Sikujifungulia hospitali. Mama mkwe alitaka mjukuu wake azaliwe nyumbani, Kalangalala, mikononi mwake, na mume wangu hakuwa mtu wa kubishana na mama yake. Mtoto alilia vizuri, akanyonya. Mama mkwe ndiye aliyemwogesha na kumfunga nguo. Mimi nililala nikiletewa uji. Jioni ya kwanza alikunjua kitambaa, akakikuta cheupe. Kesho yake cheupe. Akaita majirani waje waone.

"Mjukuu wangu ana heshima," aliwaambia. "Hachafui nguo."

Wakacheka, wakapiga vigelegele, tukasali Salamu Maria pamoja kushukuru. Nami nilishukuru. Mimi, niliyekuwa nikiwafundisha akina mama kila asubuhi kwamba mtoto asiyepata choo siku ya kwanza aletwe mbio, niliona fahari juu ya kitambaa kile.

Siku ya tatu asubuhi tumbo lilikuwa limevimba linang'aa, akatapika kijani. Hapo ndipo nilipomgeuza mwanangu kwa mara ya kwanza. Mahali pa kutolea choo palikuwa pamefunga. Ngozi tupu, laini, kama ya kisigino chake.

Nilikimbia naye hospitali, damu ya uzazi ikinitiririka miguuni. Daktari hakuniuliza siku mbili zote nilikuwa wapi. Hospitali kubwa ilikuwa Mwanza, ng'ambo ya maji, na barabara ya kwenda kwenye kivuko ilikuwa imekatwa na mvua. Alisema wazi kwamba yeye si daktari wa upasuaji, kwamba operesheni ya namna hiyo ameiona mara mbili tu, na kwamba asipoifanya mtoto hafiki kesho. Nikamwambia afanye. Alimpasua ubavuni, akavuta utumbo, akaushona kwenye ngozi ili choo kipite hapo.

Kikapita. Alasiri ileile, cheusi, kikachafua shuka na mikono yake yote. Daktari alinawa huku analia, akasema maneno yake, na safari hii nilimwomba ayaseme polepole kwa Kiswahili, nami nikamfuata neno kwa neno. Sijasali hivyo kabla wala baada.

Siku tano baadaye mwanangu alikufa. Kidonda kilioza, homa ikapanda, na sindano tulizokuwa nazo hazikufua dafu.

Daktari alikuja msibani, akakaa chini pamoja na wanawake. Nikaona midomo yake inatembea tena, nikaghadhibika.

"Hata hapa unashukuru?" nilimuuliza mbele za watu.

"Hapa hapana," alisema. "Kwenye msiba tunasema Yeye ni hakimu wa kweli, basi. Nililisema hilo kwa mama yangu na dada zangu watatu, walipouawa wakati wa vita kwa kuwa Wayahudi. Shukrani haikunijia, wala sikujilazimisha."

Nilimchukia siku ile, nikamchukia mama mkwe, na mimi mwenyewe nikajichukia kuliko wote wawili.

Maziwa lakini hayakujua kama kuna msiba. Yalijaa, yakauma, yakalowanisha kanga. Siku ya tatu baada ya mazishi daktari alituma niitwe. Wodini nilimkuta bibi mmoja wa Kisukuma na mjukuu wa siku nne. Binti yake, mama wa mtoto, alikuwa amekufa kwa kutoka damu. Mtoto alikuwa akitapika kila tone la maziwa ya ng'ombe, na sauti ilikuwa imemwisha. Daktari hakunisihi. Alinionyesha tu, akaendelea na wagonjwa wengine.

Nilikaa kitandani na hasira zangu, nikamweka kifuani. Alivuta kwa nguvu ambayo sikuitegemea, nami nikalia kwa sababu hakuwa wangu. Bibi akapiga magoti sakafuni, akaanza kushukuru kwa Kisukuma: wabeja, wabeja. Kila mtoto akimeza, wabeja. Ilinichoma. Nikamwambia anyamaze, sijafanya hisani yoyote, haya ni maziwa ya mtoto aliyekufa, sasa ananishukuru kwa lipi?

Alinitazama kwa huruma.

"Mwanangu," alisema, "ninayemshukuru si wewe."

Nikamhamishia mtoto kwenye titi la pili.