Mbwa Aliyehamisha Watu Uwanjani

Mwaka ule redio haikuchoka kutangaza habari za watumishi waliopunguzwa kazini, na mbwa wetu naye akapunguzwa. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuingia na malori yao, na kila kipande cha mbuga pembeni mwa Bariadi kikalimwa. Ng'ombe wetu wakakosa malisho. Baba akawapeleka kwa babu, huko Sola, na mbwa akaenda nao. Lakini babu alikuwa na mbwa wake wawili wazee, wenye wivu wa kazi, nao wakamkataa. Siku ya tatu nilimkuta amelala mlangoni kwetu, nyayo zimevimba, ananitazama kama mtu aliyepewa barua ya kuachishwa kazi akaamua kutoisoma.

Alipopona miguu akaanza kutuchunga sisi.

Hakuwa mbwa wa kuvutia macho. Alikuwa na rangi ya udongo wa kichuguu na sikio moja lililochanika. Lakini ndani ya ngozi ile kulikuwa na kitu kisichojua kukaa. Asubuhi aliwakusanya kuku kwenye kona ya uwanja, akalala mbele yao hadi jogoo akapandwa na hasira. Kisha aliwafuata wadogo zangu. Hakumng'ata mtu hata siku moja. Alinyata tumbo likigusa vumbi, akaja nyuma yako, akakugusa kisigino kwa pua yake ya baridi. Uliruka, ukaenda alikotaka uende.

Na alikotaka wote waende ni pale nilipo mimi. Nilikuwa na miaka kumi, na mimi ndiye niliyempa ukoko wa ugali kila jioni. Nikikaa kwenye kinu, baada ya muda kidogo ningezungukwa na kuku, wadogo zangu, mbuzi wa jirani na mtu aliyekuja kuazima jembe.

Mama alimpenda kwa siri. Akina mama wa kanisani kwake walikuja kusali nyumbani kila Alhamisi, na zamani walikuwa wakichomoka mmoja mmoja kabla ya sala ya mwisho. "Tangu mbwa huyu arudi," mama alisema, "Roho anatulia."

Baba hakusali Alhamisi. Baba alikuwa manju, yaani kiongozi wa ngoma, mtu wa kutunga nyimbo na kuzianzisha. Pamba ikishavunwa, makundi mawili hukutana uwanja mmoja, kila moja upande wake, na kucheza kwa wakati mmoja. Mshindi hapimwi kwa sauti wala kwa miguu. Anapimwa kwa watu. Upande uliovuta watazamaji wengi ndio ulioshinda, basi. Watu hukimbia huku na huko kama maji kwenye karai, na mtu akiona wenzake wanakimbia haulizi sababu.

Baba alikuwa ameshindwa miaka mitatu mfululizo, na aliyemshinda ni kaka yake mama. Sisi tulimwita mami, kama Wasukuma wanavyomwita mjomba. Mami alikaa Dutwa. Biashara huria ilimkubali haraka. Alinunua spika ya honi, betri ya lori, na suti za michezo za mitumba, nyekundu, kwa wachezaji wake wote. Alikuwa pia na kijana aliyecheza juu ya baiskeli huku amebeba mtungi kichwani. Baba alikuwa na ngoma tano na koo lake.

Wiki moja kabla ya mashindano, mpiga ngoma mkuu wa baba alikuja nyumbani tukiwa tunakula. Alikataa kukaa.

"Baba, tusifichane," alisema. "Mwaka huu tukishindwa, sisi vijana tunahamia Dutwa."

"Mnahamia kwa shemeji yangu?"

"Tunahamia kwenye spika, baba. Siyo kwa shemeji."

Baba alicheka. Lakini alinawa mikono ugali ukiwa bado nusu, na nilielewa. Manju asiye na vijana ni mzee anayeimba peke yake shambani.

Siku ilipofika, baba alimfunga mbwa kwenye mwarobaini kwa mkono wake mwenyewe. "Huyu asije," aliniambia. "Atanivunjia mstari." Akaondoka na vijana wake na ngoma zake.

Nilisubiri mavumbi yao yatue. Nikamfungua. Nilipogeuka, mama alikuwa kizingitini na ungo magotini.

"Mimi sijaona kitu," alisema. "Yule ni kaka yangu, huyu ni mume wangu. Mimi nachambua dengu."

Uwanja ulikuwa kando ya ghala la pamba. Waamuzi, wazee watatu waliotoka Maswa ili wasiwe na ndugu upande wowote, walikuwa wamesimama juu ya lori, wanaona kila kitu kutoka juu. Tulipofika spika ilikuwa imeshaanza kunguruma.

"Mwadila, shemeji!" Mami alimsalimia baba mbele ya umati mzima. "Leo umekuja na watu, au umekuja na ndugu?"

Watu wakaangua kicheko. Baba alijibu kitu kuhusu spika yenye kikohozi, lakini bila spika nani angesikia? Upande wake walikuwepo watu kama arobaini. Nusu ni ukoo wetu. Mmoja alikuwa muuza karanga, naye alikuwa anatazama ng'ambo, kwenye wateja.

Nilikaa chini nyuma ya ngoma za baba. Mbwa alisimama kando yangu, akatazama uwanja. Sijawahi kuona kiumbe aliyeumizwa hivyo na hali ya mambo. Mamia ya watu, wametawanyika, hawana mpangilio, na wengi wao wako upande usiofaa! Alinitazama mara moja. Kisha akashusha tumbo, akaondoka.

Alianza na mama mmoja mnene mwenye kitenge cha njano, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa ya watu wa mami. Pua ikagusa kisigino. Mama yule alipiga ukelele na kukimbia kuja kwetu, ameshika kitenge kwa mikono miwili. Waliokuwa karibu naye waliona mtu anakimbilia kwa manju wa Bariadi huku anapiga vigelegele, ndivyo walivyodhani, wakamfuata. Mbwa akazunguka. Akamgusa mwanamume mwenye kofia ya pama. Yule aliruka juu ya ngoma yetu ndogo bila kuigusa, na watu wakashangilia, wakidhani ni mtindo mpya. Kundi la tatu la watazamaji likaja lenyewe. Baba aliimba huku macho yamemtoka, hajui neema hii inatoka wapi, na vijana wake wakaanza kupiga kama watu waliolipwa mara mbili.

Mami ndiye aliyeona kwanza.

"Waamuzi!" spika ililia. "Mbwa! Wana mbwa mwenye dawa ya mvuto!"

Ngoma zikanyamaza pande zote. Mbwa hakujali. Alimleta mzee mmoja wa mwisho, akalala mbele ya umati, akahema kwa furaha.

Juu ya lori wazee walibishana.

"Sheria inasema watu," mmoja alisema. "Haisemi wameletwa na nani."

"Kwa hiyo mwakani tulete na fisi?" mwingine alimjibu.

Wa tatu ndiye aliyeamua. "Mbwa afungwe. Watu warudi walikokuwa. Tunaanza upya, na jua likigusa paa la ghala tunamaliza."

Nilimfunga mbwa kwenye gurudumu la lori kwa mtandio wangu, mbele ya watu wote. Baba alinitazama. Umati ukaanza kugeuka, watu wanakung'uta vumbi, wanarudi kwenye spika. Niliwaona vijana wa baba wanaweka chini vipigio. Mpiga ngoma mkuu alikuwa ameshavaa ndala zake.

Baba alitazama ile migongo inayoondoka. Halafu, bila ngoma, bila kuinua mkono, akaanza kuimba kwa Kisukuma, taratibu, kama mtu anayezungumza na ng'ombe wake:

*Ng'ombe wa shemeji wamevuka mto,*
*wamechungwa kwa pua, fimbo haikuwepo.*
*Aliyevaa njano ndiye kiongozi wa zizi,*
*kengele yake ni ule ukelele.*

Mtu mmoja alicheka. Mama wa kitenge cha njano alisimama, akageuka, mikono kiunoni. "Mimi?" aliuliza.

Ubeti wa pili ulikuwa wa yule mwenye kofia, jinsi alivyoruka kama ndama aliyeona nyoka. Naye akarudi ili apinge, na marafiki zake wakarudi ili wamwone akipinga. Hapo ndipo kila mtu alipotambua hatari yake. Kusimama ng'ambo wakati unaimbwa huku ni jambo baya, na kukosa kusikia jirani yako akiimbwa ni baya zaidi. Wakaja. Mpiga ngoma mkuu akavua ndala, akatafuta mdundo chini ya sauti ya baba, akaupata. Spika ya mami ilipiga kelele kwa nguvu zake zote na haikukohoa hata kidogo, lakini hata yule kijana wa baiskeli alikuja akinyonga pedali, mtungi kichwani, kusikia kama ametajwa. Ubeti wa nne ulikuwa wake.

Jua lilipogusa paa wazee hawakuhitaji kubishana.

Mami alivuka uwanja akampa baba mkono. "Shemeji, umenitukana vizuri."

"Bado sijafika kwako."

Vijana walikuwa wamezikusanya ngoma. Mpiga ngoma mkuu alijitwisha kubwa begani, akamkabili baba.

"Wimbo huu una beti ngapi?"

"Kumi na mbili," baba alisema bila kupepesa. Alikuwa ameimba nne, na zaidi ya hizo hakuwa na hata moja.

"Basi kesho asubuhi utufundishe zote. Saa moja tutakuwa kwako." Wakashika njia ya mjini, wote, wanapiga kelele.

Tulirudi sisi watatu nyuma yao, mbwa akihakikisha hatuachani. Baba alitembea huku anasogeza midomo.

"Huyu akiwakusanya kuku anafanyaje?" aliniuliza.

Nikamweleza. Akaujaribu ubeti kwa sauti ya chini, akaridhika.

"Na wale mama wa Alhamisi?"

Nikamweleza hilo pia.

"Ubeti wa saba," alisema, "unamtaka aliyemfungua."

"Mama alikuwa anachambua dengu."

"Sikumuuliza mama, mayu," alisema, akiniita kama Wasukuma wanavyowaita binti zao.

Tulienda hatua kadhaa. "Ni mimi," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa kama fundi aliyepokea mbao, akaanza kuimba. Mwizi wa kamba, alinipa jina hilo, binti mwenye mikono mirefu kuliko akili. Nilimwomba aongeze kwamba nilikuwa na miaka kumi tu.

"Hiyo haiimbiki," alisema, na kuendelea na wa nane.