Mbavu Zangu Wamerudi, na Sala Yangu Wameiba

Nimewahi kuibiwa kuku. Nimewahi kuibiwa jembe. Nimewahi kuibiwa sufuria ya maharagwe ikiwa motoni.

Lakini kuibiwa sala? Hilo lilinipata Diani, siku ya Jumamosi, mchana kweupe, mbele ya ukumbi uliojaa watu.

Na mwizi alikuwa amekunywa chai kwangu asubuhi ile ile.

Tulia nikueleze.

Mimi ni mjane. Ninaishi kwenye skimu ya makazi, juu kidogo ya Msambweni, katika shamba la mihogo na mikorosho aliloniachia marehemu Elkanah. Kanisani ninaongoza maombi ya akina mama. Sinywi, sisengenyi, sichezi ngoma. Naangalia tu.

Na Elkanah wangu alikuwa mchekeshaji.

Ndiyo. Mlokole kaolewa na mchekeshaji. Cheka umalize, tuendelee.

Kama ulikulia pwani hii ya kusini, kundi la Mbavu Zangu unalijua. Walikuwa wanne. Dzombo wa Gazi, mwenye mdomo kama spika ya mkutano, ndiye aliyekuwa kiongozi. Abdulwahab aliigiza mama mkwe. Mwinga kazi yake ilikuwa kuanguka. Na Elkanah, Mkamba pekee kati yao, aliigiza mgeni.

Mchezo wa mgeni ndio uliowapa jina.

Mgeni anakaribishwa chakula ukweni. Anaambiwa, "Tuombee." Anafumba macho, anaanza. Anaomba, anaomba, anaomba. Huku nyuma wenyeji wanakula kimya kimya, mpaka sinia linabaki mifupa.

Anasema amina. Anafumbua macho. Anaiona mifupa.

Anayafumba tena. "Tuombe tena."

Basi! Hapo watu walikuwa wanashika mbavu na kugaragara.

Hivyo ndivyo nilivyosimuliwa. Mimi mwenyewe niliuona mara moja tu, harusini, nikiwa jikoni nasonga ugali, na kwa kelele zile sikusikia hata neno.

Nilimuuliza Elkanah, "Huyo unayemwigiza ni nani?"

"Mjomba wangu Musyoki, kule Kitui. Akiomba yule, ugali unaota ukungu."

Mjomba Musyoki sikuwahi kumwona. Nikaamini. Elkanah mwenyewe hakuwa mtu wa sala ndefu. Nikiomba mezani alikuwa anasinzia, kidevu kifuani, mpaka nimguse goti. Usingizi ule niliuombea mpaka mwaka niliomzika.

Kundi lilivunjika kabla hajafariki. Dzombo aliingia siasa, siasa ikamtema. Mwinga akawa anauza kava za simu pale Ukunda. Abdulwahab akafungua duka la mitumba. Mazishini walikuja wote watatu, wakalia kama watoto wachanga, kisha wakapotea.

Mwaka huu ndio yakaja mabango.

MBAVU ZANGU WAMERUDI.

Kila nguzo, kutoka Msambweni hadi Ukunda. Picha ya zamani, wote wanne, na Elkanah wangu yumo, anacheka.

Mtu yuko kaburini, na bado anatumwa kuuza tiketi.

Watu wakagawanyika. Jirani yangu Kahaso, muuza samaki, alikuwa karibu kuruka. "Mama Winrose, ujana wangu umerudi! Mimi nitakwenda hata kwa miguu."

Kombe wa tuktuk akamjibu, "Ujana gani? Wale sasa wana sukari na presha. Wakianguka jukwaani, nani atawainua?"

"Mbona na wewe umekata tiketi?"

"Nakwenda kuhakikisha ni wabaya."

Hata mtandaoni vita ilikuwa hiyo hiyo. Huyu analia kwa furaha, yule anawaambia wazee wakae nyumbani wakalee wajukuu.

Mimi nilikuwa upande wa wajukuu.

Dzombo alikuja nyumbani, tumbo limetangulia, mwenyewe nyuma.

"Shemeji, tumekuja kuomba baraka zako."

"Mko wangapi? Namuona mmoja."

"Wengine wana haya."

"Na wewe huna?"

Akacheka peke yake. Nikamwambia, "Dzombo, sikiliza. Picha mmekwisha kuibandika. Lakini ukimweka mtu pale mahali pa Elkanah, aigize aliyoigiza, anikejelie marehemu wangu, nitasimama mbele ya watu wote niuzime mchezo wako. Unanijua."

"Wallahi, shemeji, hakuna mwanamume atakayesimama pale aliposimama Elkanah."

Kiapo kilitoka haraka mno. Nililiona hilo. Nikaamua kwenda mwenyewe.

Jina la mume wangu ndilo nililobaki nalo. Mashamba hata wageni wanayo.

Asubuhi ya Jumamosi nilikunywa chai na mihogo na binti yangu Winrose. Yeye ni wa mapokezi katika hoteli moja pale Diani.

"Twende wote basi, utanishika mkono."

"Mama, niko zamu leo." Alisema huku anatazama kikombe.

Nikaona. Nikadhani ni mambo ya kijana fulani. Nikayaongeza kwenye maombi.

Ukumbi ulijaa. Nilikaa safu ya mbele, Kahaso kushoto kwangu, Kombe kulia, mkoba wangu wenye Biblia mapajani.

Wakaingia.

Jamani.

Dzombo alipanda ngazi tatu za jukwaa, akasimama kwanza atafute pumzi. Watu wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Abdulwahab alivaa dera la mama mkwe, kisha akayasahau maneno ya mama mkwe, akawa anayachungulia kwenye simu aliyoificha ndani ya leso. Mwinga, mzee mzima mwenye wajukuu, akaanza kukata viuno vya vijana wa siku hizi. Alipotaka kuanguka, alianza kwa kushika kiti, akapiga goti moja, halafu la pili, halafu akalala.

"Ule si mwanguko," Kombe akaninong'oneza. "Yule anatafuta mswaki chini ya kitanda."

"Nyamaza wewe!" Kahaso akamkemea. Lakini naye hakuwa anacheka. Alikuwa anatabasamu kwa nguvu, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Vichekesho vyenyewe vilikuwa vile vile, vimechacha. Nyuma mtu akapiga mluzi. Mwingine akasema, "Rudisheni nauli!" Watu wakaanza kuinuka mmoja mmoja.

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Ndipo Dzombo, jasho likimtiririka, akapaza sauti. "Hodi hodi! Nani huyo? Karibu mgeni!"

Ule ulikuwa mchezo wa Elkanah.

Akaingia mtu mwembamba, koti refu, kofia imeshuka hadi puani. Akakaa mezani. Sinia la wali na kuku likaletwa. Dzombo akasema, "Mgeni, tuombee."

Nikashika mkoba wangu. Nikajiambia, akianza tu, nasimama.

Yule mgeni akakohoa kidogo mara mbili. Akagonga meza kwa kidole. Akafungua mdomo.

"Baba, tunakuja mbele zako tukiwa wanyonge, vumbi tu, na hata vumbi lenyewe ni la barabara mbovu."

Nikaganda.

"Tunakukabidhi tanki la maji linalovuja, Baba, maana fundi alikula pesa akaenda Lunga Lunga. Tunakukabidhi mbuzi wa jirani anayekula mihogo yangu. Mfunge kinywa, kama ulivyowafunga wale simba wa Danieli."

Ukumbi ukalipuka. Waliokuwa mlangoni wakarudi mbio.

Kahaso akanigusa. "Mama Winrose, mbuzi huyo si wangu?"

Alikuwa wake.

Sala ile ilikuwa yangu. Kila neno. Hata kikohozi kilikuwa changu, hata kidole cha kugonga meza. Na watu wa Msambweni, safu kwa safu, walikuwa wananyoosha shingo kunitazama, wanacheka machozi, wanapigana mabega.

Wazee ndio waliokuwa wanacheka zaidi. Wanacheka kama watu wanaokutana na rafiki wa zamani.

Hapo ndipo nilipoelewa.

Hakukuwa na mjomba Musyoki.

Miaka yote ile, kwenye harusi, kwenye mabaraza, kwenye harambee, mgeni wa Elkanah alikuwa mimi. Msambweni nzima ilijua. Gazi ilijua. Mbuzi tu ndiye aliyekuwa mpya.

"Amina," akasema mgeni. Akaivua kofia apate kuona chakula.

Winrose.

Zamu gani ile!

Akaitazama mifupa. Kisha akanitazama mimi, na mchezo ukamtoka usoni. Alikuwa binti yangu tu, anayeogopa kuchapwa mbele ya watu.

Nikasimama.

Nilikuwa nimeapa, na mimi nikiapa nafanya. Dzombo akarudi nyuma mpaka akamkanyaga Abdulwahab. Kombe akanong'ona, "Sasa ndiyo onyesho limeanza."

Nilikuwa na maneno yangu tayari, nimeyapanga wiki nzima. Nilipofungua mdomo, midomo ya Winrose ikatetemeka, vile vile ilivyokuwa ikitetemeka ya baba yake akisinzia mezani.

Kumbe kilikuwa kicheko. Mimi nilidhani anakoroma.

"Winrose!" nikaita.

"Naam, Mama."

"Umemwombea mbuzi, umeombea tanki. Wajane umewasahau."

Ukumbi mzima ukamgeukia yeye.

Binti yangu akaniangalia, machozi yamejaa. Akayafumba macho polepole.

"Tuombe tena."

Jengo lile sijui lilisimamaje. Mwinga alianguka, na safari hii alianguka kweli.

Baadaye nilikwenda nyuma ya pazia. Dzombo akaanza, "Shemeji, kiapo changu sikukivunja, nilisema mwanamume..."

"Wewe nyamaza, kanywe dawa zako."

Nikamgeukia Winrose. "Baba yako alinicheka miaka yote, na wewe ulijua?"

"Alikuwa ananifundisha, Mama. Nyuma ya zizi. Ukimaliza kuomba tu, ananivuta nje: 'Umesikia? Leo kaongeza kuhusu daraja.' Akikosea neno moja, anarudia mpaka alipate."

"Alikuwa analala!"

"Hakulala hata siku moja. Alikuwa anafumba macho ili ashike maneno."

Nikakaa juu ya sanduku la nguo zao.

Sasa sikiliza, nisieleweke vibaya. Mbavu Zangu wamekwisha. Wakirudi mwakani nitasema hivi hivi, na Mwinga akatafutiwe kiti chenye mikono. Wakongwe wengi wanarudi jukwaani kwa sababu nyumbani hakuna anayewapigia makofi.

Ila wewe mwenye mume, mke, mama, unayemwona kafumba macho ukadhani hakusikii, usiwe na haraka ya kumgusa goti. Mimi niliomba miaka mingi Elkanah aamke, kumbe ndiye mtu pekee pwani nzima aliyeijua sala yangu kwa moyo.

Jumapili tulikula kuku, mimi na Winrose. Niliomba, nikaombea wote, na wajane pia. Nilipofumbua macho, paja halikuwepo.

Winrose alikuwa amefumba macho, anatafuna.