Sahani Moja, Sukari Mbili

Leo bwanangu amenishtaki kwa daktari, jamani.

Tuko kliniki hapa Busia, mimi na huu uchovu wa kisukari, mara namsikia: "Daktari, mama watoto anakula vitamu kwa siri. Ugali wa wimbi tunakula sahani moja, lakini sukari inayopanda ni yake tu."

Nimejitetea hadi nimechoka.

Daktari akamwangalia. "Mzee, watu wawili wanaweza kula chakula kimoja na sukari ipande tofauti. Kwa utumbo kuna bakteria wanaosaidia kusaga chakula, na wa kwako si kama wa kwake. Hiyo ni sababu moja tu kati ya nyingi. Usimwite mwizi wa keki."

Nesi akajifanya anatafuta kalamu.

Bwanangu akauliza polepole, "Kwa hivyo amekuwa akisema ukweli?"

"Muulize mwenyewe."

Hakuniuliza. Tulipotoka alinibebea mkoba wangu, ule wa maua mekundu, mpaka stegi ya bodaboda, watu wote wakiangalia.

Neno pole sijalisikia mpaka sasa.

Nyinyi mngehesabu huo mkoba kama pole, ama niendelee kungoja?